Kibwana Shomari na Ugonjwa wa Mkewe

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Utuambie wewe, sisi tumekuja mikono mitupu.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo, tumeyafua na kuyaanika.

Basi sogeeni. Wewe uliyekaa nyuma sogea pia, maana ngano hii haitaki kusikiwa kwa kumuuliza jirani. Mtaona wenyewe kwa nini.

Hapo kale, na kale hiyo si ya mbali sana, palikuwa na mji ukiitwa Mipapaini. Katika mji huo alikaa fundi mmoja, Kibwana Shomari, pamoja na mkewe, Mwanamvua. Kibwana alichonga vitanda. Mwanamvua alisuka mikeka. Hakuna bwana arusi wa Mipapaini aliyeoa asiwe na kitanda cha Kibwana, na hakuna bibi arusi aliyetoka kwao asiwe na mkeka wa Mwanamvua. Watu walisema kitanda cha Kibwana hakilii, na mkeka wa Mwanamvua hauchomi. Mji mzima ulilala juu ya kazi za mikono yao, ukazaa, ukazeeka.

Na wenyewe je? Wenyewe, jamani, walikuwa hawasemezani.

Sikilizeni ilivyoanza. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, wa kike, jina lake Chausiku. Alikuwa na ulimi mwepesi na miguu myepesi, na tangu alipojua kusema, kila neno la nyumba ile lilipita kwake. Mwanamvua akiwa jikoni alisema, "Chausiku, mwambie baba yako chakula tayari." Kibwana akiwa uani na randa yake alisema, "Chausiku, mwambie mama yako naja." Chausiku, mwambie baba. Chausiku, mwambie mama. Mtoto akawa daraja, wazazi wakawa kingo mbili za mto.

Tena alikuwa daraja lenye akili. Likipita neno kali, yeye hulipunguza ukali. Likipita neno la baridi, hulipasha moto. Baba akisema, "Kamuulize mama yako, huu ni mchuzi au maji ya kunawa?" Chausiku hufika jikoni akasema, "Mama, baba anaomba mchuzi zaidi." Basi nyumba ikatulia miaka na miaka, na wenyewe wakadhani wanapatana.

Chausiku akakua, akaposwa, akaolewa mji wa mbali, nyuma ya vilima. Baba akamchongea kitanda. Mama akamsukia mkeka. Ngoma zikalia, wali ukaliwa, bibi arusi akaenda zake.

Kesho yake Mwanamvua alipika, akaita kama kawaida, "Chausiku, mwambie baba yako..." Akanyamaza.

Kibwana, uani, alimsikia. Akasimamisha randa, akangoja ile nusu ya neno iliyobaki. Haikuja. Naye hakwenda, maana hajaitwa. Wali ukapoa. Mke akasema moyoni, kumbe hata chakula changu hakitaki. Mume akasema moyoni, kumbe hata kuniita haniiti.

Mwaona? Neno halijasemwa, na ugomvi umekwisha zaliwa.

Walikuwa na punda wa kubebea vitanda. Mwanamvua akamwendea zizini, akasema kwa sauti, "Wewe punda, mwambie bwana wako chakula kinapoa." Punda akatikisa sikio moja. Kibwana alikuwa hapo hapo, karibu ya kumgusa. Akasema, "Wewe punda, mwambie bibi yako nimesikia, mimi si kiziwi." Punda akatikisa sikio la pili.

Kazi hiyo punda aliifanya, lakini punda si Chausiku. Neno kali likifika kwake linapita vile vile, na ukali wake wote.

Mara mpwa wa Kibwana akaja kuazima punda abebee nazi, asimrudishe. Nyumbani ukabaki mtungi wa maji, pale mlangoni. Basi ikawa, "Wewe mtungi, mwambie yule bwana kuni zimekwisha." Na bwana naye, "Wewe mtungi, mwambie yule bibi fundi ana mikono miwili tu." Mchana kutwa mtungi unaambiwa. Majirani wakaizoea hali ile, hata wakipita nje wakawa wanauamkia. "Hujambo, mtungi? Wazee wameamkaje?"

Mnacheka. Kibwana hakuwa akicheka. Alianza kushinda kwenye baraza la wacheza bao tangu adhuhuri, na jua likitua alirudi akajinyoosha kwenye benchi la nje, juu ya gunia. Fundi wa vitanda mji mzima, analala juu ya gunia. Kinyozi hajinyoi, wahenga walikwisha sema.

Ikawa hivyo mpaka asubuhi moja. Kibwana alikuwa anakunywa uji wake. Mwanamvua akatoka, akasimama mlangoni, akasema bila kupandisha sauti, "Wewe mtungi, mwambie huyo bwana nimechoka. Anipe talaka yangu nirudi kwa ndugu zangu."

Kibwana alitaka kusema jambo. Alitaka kusema, Mama Chausiku, usiende. Maneno yalipanda kifuani, yakafika shingoni, yakafika kwenye meno. Kilichotoka ni hiki: "Wewe mtungi, mwambie afanye apendavyo."

Akajisikia kama mtu aliyejiangushia shoka mguuni, kisha anawaambia watu haliumi.

*

Talaka ya kupitia mtungi Kibwana hakujua inatolewaje. Akaenda kwa Jumbe Kitwana, mkuu wa mji, mtu aliyependa usingizi wa mchana kuliko heshima ya kiti chake.

"Nani kaomba talaka?" akauliza Jumbe, jicho moja bado limefumba.

"Mke wangu."

"Kakuambia wewe?"

"Kauambia mtungi."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikaujibu mtungi."

Jumbe akafumbua na jicho la pili. "Basi wenye shauri ni mtungi. Ulete hapa, niusikilize."

Kibwana akainama. Jumbe akamhurumia kidogo. Akasema, "Sikiliza, fundi. Mimi naamua mipaka ya mashamba, na mbuzi walioingia kwenye mihogo ya watu. Hili lenu lina mtu wake. Mchukue mkeo mwende Kiomboni, kwa Bi Rehani."

"Bi Rehani ni kungwi, Jumbe. Kazi yake kuwafunda wari wanaotaka kuolewa. Mimi nina mvi."

"Mvi zako zinasema na mkeo?"

"Hazisemi."

"Basi nenda nazo. Mkirudi hapa na talaka bado iko midomoni, nitaita mashahidi." Akageukia ukuta, akalala.

Sasa huyu Bi Rehani, wacheni niwaambie. Ni kweli alikuwa kungwi, na wari wengi wa vijiji vile walipita mikononi mwake. Lakini kazi ilikuwa imemzidia na kuvuka mpaka. Mama mkwe na mkaza mwana wasiopikika chungu kimoja, walikwenda kwake. Wake wenza, walikwenda kwake. Majirani waliorushiana taka, walikwenda kwake. Waliingia wamegeuziana visogo, na wengi walitoka wanaulizana habari za nyumbani. Si wote. Wapo aliowatazama akawaambia, "Ninyi achaneni, tena kwa wema," wakaachana kwa wema, na hilo nalo ni jambo.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, tambuu shavuni, na macho yake yalikuwa yakicheka hata mdomo unapotulia.

"Hodi."

"Karibuni. Kaeni mkekani."

Wakakaa, huku mmoja na huku mmoja, katikati pangetosha kuketi ukoo mzima.

"Haya," akasema Bi Rehani, "lipi lililowaleta?"

Mwanamvua akasema, "Bi Rehani, mwambie huyu bwana..."

"Simwambii."

Kibwana akasema, "Bi Rehani, mwambie huyu bibi..."

"Naye simwambii. Mimi mama yangu alizaa mtu, hakuzaa mtungi."

Kumbe habari zilikuwa zimefika Kiomboni kabla yao. Wote wawili wakatazama ukutani. Bi Rehani aliwatazama wanavyotazama ukuta, akatafuna tambuu lake taratibu, akasema, "Basi nitawasikiliza mmoja mmoja. Mwanamvua, baki. Kibwana, katoke nje upunge upepo."

Kibwana akakaa nje. Akasikia minong'ono. Baadaye akamsikia mkewe analia. Moyo ukamwenda mbio. Baadaye tena akamsikia mkewe anacheka. Hapo moyo ukasimama kabisa, maana kicheko kile hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia ilikuwa lini, na sasa kilikuwa cha mtu mwingine, nyuma ya ukuta, na yeye yuko nje na kuku.

Zamu yake ikafika. Bi Rehani akamketisha karibu, akashusha sauti.

"Mwanangu Kibwana, mkeo ni mgonjwa."

Kibwana akashika kifua. "Ana nini?"

"Ana kigugumizi cha moyo. Ulimi wake mzima, moyo ndio wenye kigugumizi. Akitaka kusema neno, la kwanza linalotoka silo. La pili silo pia. La tatu ndilo."

"Ana dawa?"

"Dawa ni wewe. Akikuambia neno, weka chini ulichoshika. Mtazame usoni. Usimjibu, usijitetee. Muulize, na jingine? Akisema la pili, fanya vile vile: usimjibu, usijitetee, muulize, na jingine? La tatu likitoka, lirudishe kwa kinywa chako kama ulivyolisikia, umuulize kama ndilo. Akisema ndilo, hapo ujibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na asijue kwamba anaugua. Akijua, maradhi yatazidi."

Njiani Kibwana alikwenda polepole ili mgonjwa asichoke. Kila tawi lililoinamia njia alilishika mpaka mkewe apite. Masikini Mwanamvua, alisema moyoni, kumbe ni mgonjwa, nami miezi yote hii namnunia mgonjwa. Akamtupia jicho la huruma. Akashangaa kuona na mkewe anamtazama kwa jicho lile lile. Akadhani ni homa.

*

Kesho yake Kibwana alikuwa uani anachonga mguu wa kitanda. Mwanamvua akatoka jikoni. Akaupita mtungi. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye, karibu kuliko alivyozoea, akasema, "Chumvi imekwisha."

Ndilo hili sasa, Kibwana akawaza, tezo ikiendelea kugonga. Akauliza, "Na jingine?"

Mwanamvua akafikiri. "Na sukari."

"Na jingine?"

"Na mafuta ya taa."

"Umesema mafuta ya taa. Ndilo?"

"Ndilo," akasema Mwanamvua, kwa sauti ya mtu anayemjibu mgonjwa.

Kibwana akaenda dukani, akaleta chumvi, akaleta sukari, akaleta mafuta ya taa. Kisha, kwa furaha, akashika njia ya Kiomboni.

"Bi Rehani, neno la tatu nimelipata."

"Lipi, mwanangu?"

"Mafuta ya taa."

Bi Rehani akameza tambuu alilokuwa amekusudia kulitema. Alipopata pumzi akauliza, "Ulikuwa umeshika nini?"

"Tezo."

"Unatazama nini?"

"Mguu wa kitanda."

"Basi alikuwa anazungumza na mguu wa kitanda, na mguu wa kitanda haja yake ni mafuta. Rudi nyumbani."

Akarudi. Zikapita siku. Mwanamvua akaja tena na kigoda chake. Safari hii Kibwana aliweka tezo chini, akaisukuma mbali kwa mguu isimtamanishe, akamtazama mkewe usoni. Alishangaa kidogo. Mkewe alikuwa na alama ndogo karibu na jicho, ya kuungua na mafuta, na Kibwana hakujua ilimpata lini.

"Jana umerudi jua limetua," akasema Mwanamvua.

"Na jingine?"

"Na juzi pia. Kila siku bao, kila siku bao, kama mtu aliyeoa kete."

Hapo, wenzangu, mafundisho yote yalimruka. Kete zilikuwa zimetajwa. "Kwani huko nakwenda kuiba?" akasema Kibwana. "Na nibaki hapa nifanye nini, nitazame watu walionuna?"

Mwanamvua akainuka. Akachukua kigoda chake, akaelekea mlangoni. "Wewe mtungi," akaanza.

Kibwana hakujua alivyofika, ila alijikuta amesimama kati ya mkewe na mtungi, mikono ameitandaza, kama mtu anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. "Ngoja," akasema. "Nimekosa. Neno limenitoka vibaya."

Nimekosa. Katika ndoa yao neno hilo lilikwisha pita mara nyingi, lakini lilipita kwa miguu ya Chausiku. Kwa kinywa chake mwenyewe, hii ilikuwa mara ya kwanza, na lilimkwaruza kooni kama mwiba wa samaki.

Mwanamvua akamtazama. Akasema polepole, "Umesema umekosa. Neno limekutoka vibaya. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Nimesikia." Akaingia ndani bila kuuambia mtungi chochote.

Kibwana akabaki anakuna kichwa. Ugonjwa umefika masikioni, akawaza, sasa kila kitu lazima akirudie ndipo akisikie. Na tangu siku hiyo akaziona dalili nyingine. Akiwa anachonga, mkewe huja kusuka ukili wake wa mkeka hapo hapo ubavuni. Akianza neno akalikata katikati, mkewe haondoki, wala hammalizii. Huweka ukili pajani akamngoja. Siku moja Kibwana alisema, "Kesho nadhani..." akaona anangojwa, akashikwa na hofu mpaka akasahau alilotaka kusema. Hakuwahi kungojwa. Akasema, "Kesho nadhani kutakuwa na jua." Mwanamvua akasema, "Unadhani kutakuwa na jua." Na kesho yake kukawa na jua, basi angalau hapo hawakukosana.

*

Ikafika siku moja, adhuhuri. Wenzake Kibwana walimpitia kwenda kwenye bao, akawaambia watangulie. Mwanamvua akaandaa sinia, wakakaa wote wawili.

"Wali umeshika chini kidogo," akasema Mwanamvua.

Kibwana akarudisha tonge siniani. Akamtazama. "Na jingine?"

"Napika wa watu watatu. Nikijiambia leo pima wa wawili, mkono haukubali. Unapima wa watatu."

Jibu lilikuwa tayari, jibu zuri kabisa la fundi: tumia kikombe kidogo. Kibwana aliling'ata, akalishikilia kwa meno. "Na jingine?"

Inzi akatua ukingoni mwa sinia, akatembea, akaruka. Kibwana akangoja.

"Naogopa," akasema Mwanamvua.

Kibwana akazidi kungoja.

"Mtoto alipokuwapo nilijua kinachokuweka katika nyumba hii. Sasa sijui. Nimeona labda ulikuwa unakaa na Chausiku, mimi nilikuwa mpishi tu. Na mtoto kaenda. Nikasema, afadhali niiombe talaka mwenyewe, kuliko kukaa naingojea siku itakayokuja."

Hili sasa silo la mafuta ya taa. Kibwana alilirudisha kama alivyofundishwa. "Umesema unaogopa. Hujui kama nakaa hapa kwa ajili yako. Uliomba talaka ili usingojee kupewa. Ndilo?"

"Ndilo." Machozi yakamshuka, hakuyafuta.

Zamu ya kujibu ikawa yake, na jibu hakuwa nalo. Mwanamvua hakuondoka, hakummalizia, hakuujaza ukimya ule kwa neno lolote. Alikaa naye ndani yake. Kidogo kidogo kitu kikaanza kusogea kifuani mwa Kibwana.

"Mimi sifuati bao," akasema.

"Hufuati bao."

"Lenyewe nafungwa kila siku."

"Unafungwa kila siku."

"Hilo usilirudie sana." Kisha akasema, "Naikimbia nyumba. Jioni nasikia miguu ya Chausiku uani. Nageuka, ni kuku. Tena niliogopa. Nilisema, tukibaki wawili tu, tukakaa hivi, tutagundua hatuna la kuambiana. Tumeoana ujana wetu wote, na hatujuani. Nikaona afadhali nisijue."

"Uliogopa."

"Niliogopa. Siku ile ya talaka nilitaka kukuambia usiende."

"Mbona hukusema?"

"Lilifika kwenye meno."

Mwanamvua akasogeza sinia katikati. Wali ule wa watu watatu, ulioshika chini, waliula wawili wakaumaliza, na ukoko wakaukwangua.

Sasa mtu akishiba na moyo ukalainika, ulimi hupoteza mlinzi. Kibwana akanawa, akaegemea ukuta, akasema, "Alhamdulillahi, Mama Chausiku. Ugonjwa wako unapona."

"Ugonjwa wangu?"

Akauma midomo, lakini neno likishatoka halirudi. "Kigugumizi cha moyo. Bi Rehani aliniambia. Aliniambia usijue."

Mwanamvua akaweka chini bakuli. "Mimi mgonjwa? Mgonjwa ni wewe. Bi Rehani aliniambia mumeo maneno yamemganda kifuani, kama samli wakati wa baridi. Ukiyachokoa kwa kisu hayatoki. Yanataka joto. Nikae karibu, nikurudishie usemalo kidogo kidogo, ukinyamaza nisikujazie. Na usijue, ukijua yatazidi kuganda."

Wakatazamana.

"Siku zote hizi ulikuwa unaniuguza?" akauliza Kibwana.

"Nilikuwa nakuuguza. Na wewe?"

"Nilikuwa nakuuguza wewe."

"Hata siku ile ulipouzuia mtungi?"

"Siku ile ndiyo niliona umezidiwa."

Mwanamvua akavuta kanga yake kutoka kambani, akajitanda. "Twende Kiomboni," akasema.

*

Walikwenda kwa mwendo wa watu wanaokwenda kudai haki. Nje ya nyumba ya Bi Rehani walimkuta kijana mmoja amekaa, uso umemkunjamana, na kuku wamemzunguka. Alikuwa amekuja na kaka yake, aliyegombana naye kwa ajili ya kisima cha marehemu baba yao. Zamu yake ilikwisha pita, sasa kaka alikuwa ndani. Kibwana akainua mkono apige hodi, na kabla hajapiga, akasikia sauti ya Bi Rehani upande wa pili wa mlango, sauti ya chini, ya huruma.

"Mwanangu, mdogo wako ni mgonjwa."

Kibwana akamtazama Mwanamvua. Mwanamvua akamtazama Kibwana. Mkono ukashuka bila kupiga.

Mlango ukafunguliwa, kaka akatoka. Alimtupia mdogo wake jicho la huruma, kisha akamvuta Kibwana kando. "Mzee," akanong'ona, "wewe mtu mzima, niambie. Kuna ugonjwa unaitwa kigugumizi cha moyo?"

Hapo Kibwana angeweza kuimaliza biashara ya Bi Rehani kwa neno moja. Alimwona Bi Rehani mwenyewe mlangoni, tambuu limesimama shavuni, anangoja.

"Upo," akasema Kibwana. "Mke wangu alikuwa nao."

"Na mume wangu alikuwa na wake, mbaya zaidi," akasema Mwanamvua.

Ndugu wale wakaenda zao, kila mmoja akimpisha mwenzake njia. Bi Rehani akawakaribisha, akaanza kutafuna tena.

"Umetudanganya," akasema Mwanamvua.

"Nimewadanganya."

"Kwa nini?"

"Kibwana, ningekuambia wewe ndiye usiyemsikiliza mkeo, ungekaa hapa?"

"Ningeondoka."

"Na wewe, Mwanamvua, ningekuambia unamkatiza mumeo na kumwekea maneno kinywani?"

"Ningeondoka kabla yake."

"Mmeona. Kila siku wanakuja watu hapa, sijampata bado aliyekuja kujitibu mwenyewe. Wote wanaleta wagonjwa. Basi nami nawapa mgonjwa wamuuguze."

Kibwana akakuna ndevu. "Lakini mwisho wa yote, Bi Rehani, mgonjwa alikuwa nani?"

"Si wewe, wala si yeye. Ugonjwa ulikuwa pale katikati yenu, mahali alipokuwa akisimama mtoto. Palikuwa wazi, na kila mmoja anaogopa kupakanyaga."

Wakamshukuru, wakaaga, wakaondoka.

Na ninyi mnangoja niwaambie hawakugombana tena. Waligombana hata Kiomboni hawajaimaliza. Mwanamvua alitaka wakamtembelee Chausiku kesho. Kibwana alitaka wangoje mavuno, wasimfikie mikono mitupu. Mwanamvua akasema mikono mitupu ya mama si mitupu. Kibwana akasema mikono ya baba je? Wakaendelea hivyo, huyu anasema, huyu anangoja, huyu anarudisha, huyu anakataa, mpaka mvua ikawakuta njiani wasiione ilikotoka. Wakakimbilia nyumba ya kwanza waliyoiona, wakasimama chini ya upenu wake, maji yanawachuruzika, na mjadala haujakatika.

Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo wasiyemjua, akafungua mlango kuona ni nani hao wanaoongea kuishinda mvua. Akawaona watu wawili wenye mvi, wamelowa, wamekaribiana, mmoja anacheka na mwingine anaapa hajamaliza kusema.

"Karibuni ndani," akasema. "Ninyi mmeoana lini, wenzangu?"

Kibwana akafungua mdomo aanze kuhesabu miaka. Mwanamvua akamwahi.

"Bado hatujaoana, dada. Huyu ndiyo kwanza ananiposa."

"Wallahi? Na umemjibu nini?"

Mwanamvua akakamua pembe ya kanga yake, akamtazama Kibwana kwa pembe ya jicho.

"Sijamjibu," akasema. "Bado namsikiliza."

Hapo ndipo nilipowaacha, chini ya upenu, mimi nikakimbilia kwangu na mvua yangu mgongoni.

Ngano ikiwa tamu, mwoneeni huruma asiyekuwapo, mkamwonjeshe. Ikiwa chungu, niachieni mimi niliyeipika.

Palikuwa?

— Palikuwa.

Pamekwisha?

— Pamekwisha.

Basi inukeni, kila mtu akamwamkie wa kwake, kwa kinywa chake.